Kanuni Inaponyamaza

Kila kanuni imeundwa kwa maneno, na maneno yana mpaka. Vitendo vya wanadamu havina mpaka. Ndiyo sababu hapana kitabu cha kanuni, kiwe cha serikali, cha shule au cha mchezo, kilichopata kutosha kwa kila jambo litakalotokea. Siku moja hutokea jambo ambalo mwandishi hakuliwaza. Twafungua kitabu, twapekua kurasa, na kitabu chanyamaza. Siku nyingine kitabu chasema, lakini maneno yake yaelekea pande mbili, na watu wawili waaminifu wakiyasoma pamoja kila mmoja huondoka na maana yake. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa kuamua. Insha hii yamhusu mtu huyo, pamoja na vitabu vilivyomkalisha katika kiti chake.

Yamkini msomaji atashangaa kuona vitabu vya mchezo vikihakikiwa, maana tumezoea kuhakiki mashairi, tamthilia na riwaya. Lakini kitabu cha kanuni nacho ni maandishi: kina mwandishi, kina wasomaji, kina mtindo, na kina kusudi. Tena kina jambo moja ambalo riwaya haina. Msomaji wa riwaya akiielewa vibaya hujipunja peke yake. Msomaji wa kanuni akiielewa vibaya huwapunja wenzake. Kwa hiyo mhakiki ana haki ya kukiuliza kitabu cha namna hii maswali mawili. Je, kilisema wazi kile kilichotaka kusema? Na pale kilipokusudia kunyamaza, je, kilimfundisha msomaji namna ya kusema mahali pake?

Mchezo ninaoukusudia huitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa nchini Marekani mwaka wa 1974, na michezo mingi ya namna yake imeufuata. Huchezwa na watu wachache waliozunguka meza. Kila mchezaji hujitwalia mhusika mmoja wa kubuni: huyu askari, huyu mchawi, huyu kasisi. Nguvu za mhusika, akili zake na mali yake huandikwa katika karatasi kwa tarakimu. Mtu mmoja tu hana mhusika wake mwenyewe. Yeye hueleza mahali walipo wahusika, huwasemea maadui na wapita njia wote, na wachezaji wanapotaja watakalotenda, yeye huamua litakalofuata. Jambo likiwa na mashaka, dadu hutupwa. Vijitabu vya kwanza vilimwita mtu huyu refa, kama yule wa mpira. Baadaye akaitwa Dungeon Master, yaani bwana wa mahandaki. Sisi tutamwita mwamuzi.

Ili tuone kwa nini mchezo huu hauwezi kukosa mwamuzi, tuulinganishe na bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mambo ambayo mchezaji aweza kutenda yanahesabika, na kila moja limekwisha wekewa kanuni. Hapana mchezaji wa bao atakayesema, "Kete hii nitaificha chini ya mchanga," kwa sababu katika ulimwengu wa bao hamna mchanga wala maficho. Wawili wakijua kanuni, hawana haja ya mtu wa tatu.

Katika mchezo wa mahandaki sivyo. Tuseme wahusika wamesimama juu ya ngazi za mawe, na maadui wanapanda kuwafuata. Mchezaji mmoja asema, "Naimwaga chupa yangu ya mafuta juu ya ngazi ili wateleze." Kitabu chaweza kuwa kimetaja bei ya mafuta hayo, lakini hakina neno juu ya utelezi wa ngazi. Je, mchezaji akatazwe kwa kuwa kitabu hakikumruhusu? Tukimkataza, tumeua kitu kilicho bora katika mchezo, yaani uhuru wa kuwaza jambo ambalo mwandishi hakuliwaza. Je, aruhusiwe? Basi wangapi wateleze, na kwa kipimo gani? Mtu mmoja hana budi kujibu, tena ajibu upesi, kwa maana wenzake wamekaa wakimngoja.

Fikira ya kumpa mtu mmoja madaraka haya haikuanzia Marekani. Ilikuwako katika jeshi la Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani. Mwaka wa 1824 afisa mmoja wa mizinga, Georg von Reisswitz, akiendeleza kazi iliyoanzwa na baba yake, alitoa kitabu cha mchezo wa vita ulioitwa Kriegsspiel. Maafisa wa pande mbili walitoa amri zao, na mwamuzi aliyekaa kati yao alisogeza vipande juu ya ramani, akatupa dadu, akasoma majedwali ili kujua hasara ya kila upande. Kila upande ulijulishwa yale tu ambayo ungaliyaona katika vita vya kweli. Mkuu wa maafisa wa jeshi wa siku hizo, Karl von Müffling, aliusifu mchezo huo kuwa mafunzo hasa ya vita.

Lakini majedwali yalikuwa mazito, na hesabu zake zilichosha watu. Mwaka wa 1876 Julius von Verdy du Vernois, aliyetumika katika makao makuu ya jeshi la Prussia wakati wa vita na Ufaransa vilivyoanza mwaka wa 1870, alitoa kitabu chenye shauri la ujasiri: majedwali yaachwe, na mwamuzi aamue kwa ujuzi wake mwenyewe. Tangu hapo pamekuwa na njia mbili, njia ya kanuni nyingi na njia ya busara ya mwamuzi, na mabishano baina ya watu wa njia hizi mbili hayajaisha hata leo.

Tulitazame shauri la Verdy kwa makini, kwa sababu nguvu zake na udhaifu wake vimo katika jambo moja. Mwamuzi wake alikuwa afisa aliyekwisha ona vita. Alijua kikosi kilichochoka hutembea mwendo gani katika matope. Aliposema, "Kikosi chako hakitafika kabla ya jua kuchwa," kijana aliyecheza chini yake aliweza kuudhika, lakini hakuweza kusema kwamba mkubwa wake alikuwa akibuni. Uamuzi ulisimama juu ya ujuzi. Sasa tuuhamishe uamuzi huo kwenye mchezo wa mahandaki. Ni nani kati yetu aliyepigana na joka? Ni nani ajuaye uchawi unachukua muda gani kutamkwa? Hapana. Mwamuzi wa mchezo huu hana ujuzi ambao wachezaji wake hawana. Mara nyingi ni kijana wa umri wao. Kwa hiyo kiti chake hakina mguu wa ujuzi. Kimebaki na mguu mmoja tu, nao ni imani ya wenzake kwamba anaamua kwa haki. Jambo hili ndilo kipimo nitakachotumia kuvipima vitabu vyenyewe.

Njia ya kutoka Prussia hadi Marekani inajulikana. Mwaka wa 1880 Mmarekani Charles Totten alitoa kitabu cha mchezo wa vita kiitwacho Strategos, ambacho kilimpa mwamuzi madaraka makubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 David Wesely, mpenzi wa michezo ya vita katika miji ya Minneapolis na Saint Paul, alikitumia kitabu hicho, akaunda mchezo ambao kila mchezaji alikuwa mtu mmoja katika mji wa kubuni, si jenerali wa jeshi zima. Mwenzake Dave Arneson aliichukua fikira hiyo, na kuanzia mwaka wa 1971 akaanzisha mchezo wa nchi yake ya kubuni aliyoiita Blackmoor. Arneson akashirikiana na Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin, ambaye hapo kwanza alifanya kazi katika shirika la bima. Mwaka wa 1974 ikatoka kazi yao: kasha moja lenye vijitabu vitatu, nakala 1,000 katika toleo la kwanza, kwa bei ya dola 10.

Mtu akivisoma vijitabu hivyo kwa jicho la mwalimu wa lugha, kalamu nyekundu haitakauka. Mambo yamepangwa ovyo. Msomaji anatarajiwa kuwa na kitabu kingine cha vita kiitwacho Chainmail, na nguvu za askari zimeelezwa kwa maneno ya kitabu hicho. Asiye nacho hubaki gizani. Hata jambo la lazima kama nani atangulie kupiga katika mapigano halikuwekwa wazi. Ken St. Andre, mkaaji wa Phoenix katika jimbo la Arizona, alivisoma, akaona vinatatiza, na mwaka wa 1975 akatoa mchezo wake mwenyewe ulio rahisi zaidi, Tunnels & Trolls.

Hata hivyo vijitabu hivyo vina ukurasa mmoja wenye thamani. Mwishoni kabisa waandishi wanawashauri wasomaji wasingoje kuletewa kila jibu, bali waamue wenyewe mambo wanavyotaka yawe, kwa kuwa hapana sababu ya mtu mwingine kuwaza kwa niaba yao. Hili ni shauri zuri mno, na ni vitabu vichache vya kanuni vinavyothubutu kulitoa. Wapenzi wa vijitabu hivyo husema kwa hiyo kwamba kasoro zake zote ni fadhila: kila mahali pasipoelezwa ni mlango uliofunguliwa kwa makusudi.

Hapo sikubaliani nao. Kuna tofauti kubwa baina ya pengo na utata. Pengo ni pale kanuni isiposema kitu. Wote waliokaa mezani wanajua kwamba haisemi, na wote wanamgeukia mwamuzi. Utata ni pale kanuni inaposema jambo lenye maana mbili, na kila msomaji anaamini ya kwamba maana yake ndiyo maana pekee. Pengo huwakusanya watu, utata huwatenga. Katika pengo mchezaji anauliza, "Je, yawezekana?" Katika utata mchezaji hana sababu ya kuuliza, kwa kuwa amekwisha jua. Atauliza baadaye, kwa sauti ya hasira, "Imekuwaje?"

Mfano bora ni uchawi mmoja mdogo, kombora la mchawi. Mwaka wa 1975 Gygax pamoja na Rob Kuntz walitoa kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, na humo wakaueleza uchawi huo kuwa kombora lililo sawa na mshale wenye nguvu za ajabu. Maneno hayo yaonekana wazi, lakini sivyo. Mshale hulengwa, na anayelenga huweza kukosa. Basi je, mchawi atupe dadu kuona kama amepata? Au neno "mshale" limetajwa kueleza madhara yake tu, na uchawi hauwezi kukosa? Mwaka wa 1977 J. Eric Holmes, tabibu na mwalimu wa chuo kikuu, alipokitengeneza kitabu cha wanaoanza, alijibu ya kwamba dadu sharti itupwe, kama vile kwa mshale wa upinde mrefu. Mwaka wa 1978 Gygax mwenyewe, katika kitabu cha wachezaji cha toleo kubwa lililofuata, alijibu ya kwamba kombora hilo halikosi kamwe. Wasomaji wawili wenye elimu, mmoja wao akiwa ndiye mwandishi, walifikia majibu mawili yanayopingana.

Hili si jambo dogo kwa mchezaji. Mchawi anayeanza ana nguvu chache sana. Aghalabu ana uchawi mmoja tu kwa siku nzima. Mchezaji aliyeamini kwamba kombora halikosi huuweka uchawi wake, huvumilia, hungoja hatari kubwa, kisha huutumia kuwaokoa wenzake. Akiambiwa wakati huo, "Tupa dadu," na dadu ikamkatalia, hakushindwa na adui. Ameshindwa na sentensi. Mwandishi angaliweza kumwepusha na hasara hiyo kwa kuongeza maneno matano. Kwa hiyo nasema: pengo laweza kuwa fadhila, lakini utata ni kosa la kalamu, na tusilivike kosa hilo vazi la uhuru.

Mwaka wa 1979 Gygax alitoa kitabu kikubwa kwa ajili ya mwamuzi mwenyewe, Dungeon Masters Guide, chenye kurasa zaidi ya 200. Hiki ndicho kitabu kinachostahili kuhakikiwa kwa ukali zaidi, kwa sababu kilikuwa na nafasi ya kumfundisha mwamuzi kazi yake. Kinaanza kwa kusisitiza kwamba kanuni zifanane kila mahali, ili mchezaji akitoka meza moja kwenda nyingine aukute mchezo ule ule. Kinamalizika kwa kusema kwamba kilicho na maana ni roho ya mchezo, wala si herufi za kanuni. Maneno yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini kitabu hakikuonyesha daraja la kuvuka kutoka neno la kwanza hadi la pili.

Tukitazama ndani, tunakuta kurasa zenye hekima. Mwandishi anamwambia mwamuzi kwamba mchezaji akitenda kwa akili na uangalifu wote, kisha dadu moja ya bahati mbaya ikataka kumwua mhusika wake, mwamuzi aweza kumhurumia: amwache akiwa amejeruhiwa vibaya, wala asimwue. Huruma hii inastahili sifa, kwa sababu inathamini juhudi ya mtu kuliko tarakimu.

Lakini ukurasa mwingine wazungumza juu ya mchezaji msumbufu. Mwandishi hasemi tu kwamba mtu huyo aonywe au atolewe. Anapendekeza vilevile kwamba mhusika wake apatwe na misiba ndani ya hadithi, pamoja na radi za buluu zitokazo mbinguni kumpiga kichwani. Labda aliandika hivyo kwa mzaha. Lakini mzaha katika kitabu cha mafunzo husomwa na vijana kuwa fundisho. Na fundisho lenyewe ni baya. Mchezaji aliyemkatiza mwenzake maneno amekosa kama mtu, naye aambiwe kama mtu. Mhusika wake hakukosa lolote. Mwamuzi anapotumia radi ya hadithi kumwadhibu mtu aliyekaa mezani, ameichukua mizani aliyokabidhiwa na watu wote akaigeuza fimbo yake mwenyewe. Tangu siku hiyo kila radi itakayopiga itatazamwa kwa shaka: je, hii ni dhoruba, au ni kisasi?

Jambo la tatu ni zito kuliko yote mawili. Katika toleo hilo majedwali ya kujua kama pigo limepata au limekosa hayakuwamo katika kitabu cha wachezaji. Yalikuwa katika kitabu cha mwamuzi, na mwandishi alitangaza, kwa maneno ya dhihaka kali, ya kwamba mchezaji atakayekutwa na kitabu hicho hastahili hata kifo cha heshima. Hapa nadhani mwandishi alichanganya siri mbili zisizofanana. Iko siri ya hadithi, na iko siri ya kanuni. Kilicho nyuma ya mlango, alichoficha mfalme moyoni, mtego uliofunikwa kwa majani: hizo ni siri za hadithi, na bila ya siri hizo mchezo hauna ladha. Lakini namna mtu anavyopimwa, tarakimu anayopaswa kuifikia, malipo ya kosa: hizo ni siri za kanuni. Siri ya kwanza ni halali kwa mwamuzi. Siri ya pili humfanya mchezaji kuwa mtu anayehukumiwa kwa sheria asiyoruhusiwa kuisoma.

Baada ya miaka mingi wengine walijaribu dawa iliyo kinyume. Toleo la tatu, lililotolewa mwaka wa 2000 na kampuni ya Wizards of the Coast, lilikusudia kuyaziba mapengo. Karibu kila tendo lilipewa kipimo: kupanda ukuta, kuruka shimo, kutembea juu ya kamba. Mchezaji alitupa dadu yenye pande 20, akaongeza tarakimu zake, akatazama kama amekifikia kipimo. Tusilidharau jambo hilo. Mchezaji mnyonge, asiyekuwa rafiki wa mwamuzi wala hodari wa maneno, alipata ngao: aliweza kukifungua kitabu na kusema kwa adabu, "Hapa pameandikwa hivi." Lakini ngao ilikuwa nzito. Mchezo ulikwenda polepole, na wachezaji wakazoea kutafuta katika karatasi zao yale yaliyoruhusiwa, badala ya kutazama chumba walimo na kuwaza. Chupa ya mafuta ikasahauliwa mkobani.

Mwaka wa 2008 Matt Finch alitoa kijitabu cha kuwatetea wachezaji wa mtindo wa zamani, akiusimamisha uamuzi wa mtu juu ya wingi wa kanuni. Na toleo la tano la mchezo wenyewe, lililotolewa mwaka wa 2014, lilimrudishia mwamuzi sehemu kubwa ya madaraka yake. Kwa hiyo mchezo umefanya safari ile ile iliyofanywa na Prussia: kutoka majedwali hadi busara. Nao watu wakaendelea kubishana kama kanuni ziwe nyingi au ziwe chache. Kwa maoni yangu swali hilo si swali kuu. Kanuni kumi zaweza kutumiwa kwa dhuluma, na kanuni elfu vilevile. Swali kuu ni hili: mtu anayeamua mahali kitabu kiliponyamaza anawiwa nini na wale anaowaamulia?

Nadhani anawiwa mambo matatu. La kwanza, ataje gharama kabla ya tendo. Mchezaji asema, "Naruka shimo." Mwamuzi mwema hajibu, "Umekufa, shimo lilikuwa na upana wa hatua sita." Husema kwanza, "Unaliona shimo hili kuwa na upana wa hatua sita, na mtu mwenye silaha nzito kama wewe hana matumaini makubwa. Je, bado unaruka?" Tukichunguza ugomvi mwingi wa mezani, tutaona kwamba watu hawakubishana juu ya kanuni hata kidogo. Kila mmoja alikuwa na picha yake ya shimo moyoni: huyu aliona mfereji, yule aliona korongo. Gharama ikitajwa mapema, picha mbili huwa moja. Hapana siri ya hadithi iliyopotea hapo, kwa kuwa mhusika alikuwa na macho, na macho yake yalikwisha liona shimo.

La pili, jambo lililo sawa liamuliwe sawa. Kama mafuta yaliwatelezesha maadui leo, kesho maadui wakimwaga mafuta, wahusika nao wateleze. Mwamuzi mwenye daftari, anayeandika maamuzi yake na kuyarejea, ni bora kuliko mwamuzi mwenye kipaji anayeamua kila siku kama kwamba jana haikuwako. Uamuzi ulioandikwa hugeuka kanuni mpya, na kanuni hiyo ni mali ya meza nzima. Hivyo pengo huzibwa na watu wenyewe waliolikuta.

La tatu, akubali kusahihishwa, kwa wakati wake. Mchezo hauwezi kusimama saa nzima kwa kila neno. Kwa hiyo wakati wa kucheza neno la mwamuzi lifuatwe. Lakini mchezo ukiisha mlango uwe wazi, na mchezaji aulizaye sababu apewe sababu. Jibu la "Kwa kuwa mimi ndimi mwamuzi" si sababu. Ni kukiri kwamba sababu hakuna.

Mwanafunzi asidhani kwamba mambo haya yanaishia mezani. Mwaka wa 1958 H. L. A. Hart, mwalimu wa sheria katika chuo kikuu cha Oxford, alitoa mfano uliopata sifa duniani. Tuseme kanuni inakataza magari kuingia katika bustani ya watu wote. Hapana shaka motokaa imekatazwa. Lakini je, baiskeli? Je, kigari cha kuchezea cha mtoto? Neno "gari" lina kiini chenye nuru, na pembezoni mwake mna kivuli. Katika kivuli hicho hapana budi mtu aamue, na uamuzi wake hautoki katika kamusi peke yake. Mahakimu wanaishi katika kivuli hicho kila siku. Kadhalika refa wa mpira, kiranja wa bweni, mwalimu asahihishaye insha, na mzazi mwenye watoto wawili na chungwa moja. Kila mmoja wao siku moja atafungua kitabu na kukikuta kimenyamaza, na mbele yake atasimama mtu aliye chini yake akingoja neno lake.

Basi hukumu yangu juu ya vitabu hivi ni hii. Vijitabu vya mwaka wa 1974 viliandikwa vibaya, lakini viliwaamini wasomaji wao, na kwa ajili ya imani hiyo twaweza kuvisamehe mapengo yake, ingawa si utata wake. Kitabu cha mwaka wa 1979 kiliandikwa kwa bidii kubwa zaidi, nacho kilimpa mwamuzi madaraka kwa mikono miwili. Wajibu kilimpa kwa mkono mmoja, na mara nyingine kikaurudisha mkono huo nyuma. Vitabu vya baadaye vilipunguza madaraka, kisha vikayarudisha, kama kwamba ubaya na wema vimo katika kiasi cha madaraka peke yake.

Kitabu kizuri cha kanuni ni kile kinachosema wazi kinaposema, kinachojua mahali pa kunyamaza, na kinachomwachia mwamuzi kazi pamoja na masharti yake. Na kwa kuwa hapana kitabu kitakachotosha, yafaa kila mmoja wetu ajizoeze mapema kabla hajakalishwa katika kiti hicho: ataje gharama kabla ya tendo, aamue leo kama alivyoamua jana, na asimnyime sababu mtu aliyemwamulia.